Kiungamwana: Njia ya Riziki Tumboni mwa Mama

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyemuumba mwanadamu hatua baada ya hatua, akampangia riziki yake kabla hajawa na ulimi wa kuiomba. Twamshukuru kwa neema zake zilizo dhahiri na zilizo siri. Na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata uongofu wao mpaka siku ya malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu kwanza, kumcha Mola wetu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu zetu Waislamu mliohudhuria msikitini, nanyi mama zetu, dada zetu na wanafunzi mnaotusikiliza majumbani kwa njia ya redio: leo tumekusudia kuzungumza juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu alikuwa nacho, kisha kikakatwa, kikakauka, kikaanguka, na alama yake ikabaki katikati ya tumbo. Kitu hicho ni kiungamwana, yaani ile kamba ya kitovu imuunganishayo mtoto na kondo la nyuma, ambalo wengine huliita zalio.

Huenda mtu akauliza: Jambo la wakunga na waganga limeingiaje katika mimbari? Jawabu letu ni mambo mawili. La kwanza, Kitabu kitukufu kimetutaka tuitazame asili ya kuumbwa kwetu. Katika Surat Al-Muuminun zimetajwa hatua za uumbaji wa mwanadamu, na katika Surat Az-Zumar zimetajwa giza tatu ambazo mtoto huumbwa ndani yake. Na wafasiri wengi wamezieleza kuwa ni giza la tumbo, na giza la mfuko wa uzazi, na giza la ngozi nyembamba imzungukayo mtoto. La pili, ni kwamba watoto wengi wa Kiislamu na wasio wa Kiislamu wamekufa, na mama zao pamoja nao, kwa sababu watu wazima wa nyumba hawakujua kamba hii inafanya kazi gani na inahitaji kutunzwa vipi. Basi kulijua jambo hili ni katika kuhifadhi nafsi, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sharia yetu.

Ndugu Waislamu, katika majuma ya mwanzo ya mimba, wakati mama mwenyewe pengine hajajua bado kuwa ni mja mzito, tone lile huwa limekwisha shikamana na ukuta wa mfuko wa uzazi. Siku kama 22 tangu mimba kutungwa, moyo huanza kupiga, na mtoto mzima bado ni mdogo kuliko punje ya mchele. Katika majuma yafuatayo kiungamwana hujengeka, kikarefuka kadiri mtoto anavyokua, hata mimba ikitimia kikawa na urefu wa sentimita 50 hadi 60, na unene kama wa kidole.

Ukikikata kiungamwana na kukitazama ndani utaona matundu matatu. Ni mishipa mitatu ya damu. Mmoja, ulio mpana zaidi, huleta kwa mtoto damu iliyojaa chakula na hewa ya oksijeni kutoka katika kondo. Miwili iliyobaki huirudisha kwenye kondo damu iliyokwisha tumika, imebeba taka za mwili wa mtoto. Mishipa hii mitatu imesokotwa kama kamba ya katani, tena imezungukwa na ute mzito mfano wa nyama ya dafu changa. Ute huo ulielezwa na tabibu wa Kiingereza, Thomas Wharton, katika kitabu chake cha mwaka 1656, na hata leo waganga huuita kwa jina lake. Kazi yake ni kuilinda mishipa isibanwe mtoto anapojigeuza. Kwa hikima hii mtoto hucheza, hupiga mateke, hupinduka, na damu yake isikatike.

Wengi wetu tumezoea kusema kwamba damu ya mama humwingia mtoto. Haikuwa hivyo. Kondo la nyuma, ambalo mimba ikitimia huwa na uzito wa kiasi cha nusu kilo, ndipo mahali pa kukutania. Damu ya mama huja upande mmoja na damu ya mtoto huja upande wa pili, na kati yao pana utando mwembamba sana. Ni kama majirani wawili wanaopeana vitu dirishani: huyu hutoa sahani ya chakula, yule hutoa taka za kutupwa, na kila mmoja hubaki nyumbani mwake. Sukari, maji, chumvi, madini ya chuma na hewa hupita kwenda kwa mtoto. Na hewa chafu na taka hupita kuja kwa mama, naye akazitoa kwa mapafu yake na figo zake. Kwa hiyo mama mwenye mimba hupumua kwa watu wawili, na figo zake hufanya kazi ya watu wawili. Mwenye kulifahamu hili ataelewa kwa nini Surat Luqman imeutaja unyonge wa mama anapobeba mimba, pale tulipousiwa kuwatendea wema wazazi wetu.

Na wanafunzi wetu tunawaomba watazame hikima nyingine. Tabibu wa Kiislamu Ibn al-Nafis, aliyesoma Sham, akafanya kazi Misri na kufariki mwaka 1288, alieleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita katika mapafu, kisha ikarudi upande wa kushoto. Hivyo ndivyo ilivyo kwetu sote tuliokwisha zaliwa. Lakini mtoto aliye tumboni mapafu yake yamejaa maji, na hapati hewa kwayo. Kazi ya mapafu imefanywa na kondo na kiungamwana. Basi Mwenyezi Mungu amemwekea kijilango kati ya pande mbili za moyo, ili sehemu kubwa ya damu ipite bila ya kuzunguka mapafuni. Mtoto anapozaliwa na kuvuta pumzi ya kwanza, mapafu hufunguka, damu hukimbilia huko, na kijilango kile husukumwa kikajifunga. Kwa dakika chache, safari ya damu iliyodumu miezi tisa hubadilika njia. Ni nani aliyempa kichanga maarifa hayo?

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, ikiwa njia ya riziki ya mtoto ni moja tu, nayo ni mwili wa mama yake, basi anayetaka kumhifadhi mtoto hana budi kumhifadhi mama. Hapa tunasema na wanaume. Wako miongoni mwetu wanaume wanaomtarajia mtoto mwenye afya, ilhali mke mjamzito hubeba ndoo za maji toka alfajiri, hula mwisho baada ya watu wote kwisha kula, na nyama ikiwapo humwangukia mfupa. Mtoto hachukui chakula kingine ila kile kilichomfikia mama yake. Mama akipungukiwa na damu, hewa impitiayo mtoto hupungua pia. Vidonge vya kuongeza damu vitolewavyo kliniki ni sehemu ya matumizi ya mtoto, na matumizi hayo yamo shingoni mwa baba tangu siku mimba ilipotungwa.

Tena njia hii hupitisha na mabaya. Utando ule wa kondo huzuia vitu vingi, lakini hauzuii vyote. Moshi wa sigara avutao mama, au avutao mume chumbani humo humo, huleta sumu hadi kwa mtoto. Ulevi, ambao umekwisha haramishwa kwetu sote, hupita moja kwa moja na kuuharibu ubongo unaoumbwa. Dawa kadha wa kadha, za dukani na za miti shamba, hupita vile vile. Kwa hiyo mja mzito asimeze dawa ila kwa ushauri wa mjuzi. Kaswende hupita, na virusi vya UKIMWI huweza kupita. Lakini yote mawili yana tiba au kinga ya kumwokoa mtoto ikiwa mama atapimwa mapema. Na vidudu vya malaria hujikusanya katika kondo lenyewe, vikaziba njia ya riziki, mtoto akazaliwa na uzito mdogo. Basi chandarua chenye dawa na kinga ya malaria itolewayo kliniki ni ngao ya watu wawili.

Na katika jambo hili tunakumbusha ruhusa ya sharia. Mwanamke mwenye mimba anayechelea nafsi yake au mtoto wake, ameruhusiwa kula mchana wa Ramadhani, kisha afuate hukumu atakayoelezwa na wanavyuoni juu ya kulipa. Mama mkwe asimtazame kwa jicho baya, wala jirani asimsengenye. Anayeikubali ruhusa ya Mola wake hana aibu.

Jambo jingine, ndugu zetu, ni lawama wanazotupiwa wanawake bila ya ujuzi. Mtoto akizaliwa na kiungamwana kimemzunguka shingoni, husemwa kwamba mama aliinua mikono kuanika nguo, au alivuka kamba ya mbuzi, au amerogwa na mke mwenziwe. Huko ni kudhulumu. Kuzungukwa na kamba shingoni ni jambo la kawaida: hutokea kwa kiasi cha mtoto mmoja katika kila watoto wanne au watano, na walio wengi huzaliwa salama kabisa, mkunga akaitoa kamba kwa kidole. Husababishwa na mtoto mwenyewe kucheza ndani ya maji, wala kuanika nguo hakuhusiki kabisa. Nyumba ngapi zimevunjika, na jamaa wangapi wamekatana, kwa dhana isiyo na asili!

Lakini ziko hatari za kweli ambazo yatupasa tuzijue. Mtoto akipunguza kucheza tumboni au akinyamaza, mama apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, isingojewe kesho. Na ikiwa chupa imepasuka na kiungamwana kikatangulia kutoka kabla ya mtoto, hiyo ni dharura kubwa, kwa kuwa kichwa cha mtoto hukibana na damu ikakatika. Kamba isisukumwe ndani wala isivutwe. Mama apige magoti, kifua na kichwa viwe chini na makalio juu, na usafiri utafutwe upesi kwa kila njia. Gari la jirani, gari la biashara, gari la msikiti, lolote lililo karibu litumike. Siku hiyo mwenye gari asiulize malipo kwanza.

Tunasema maneno haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake mwaminifu.

Enyi Waislamu, tumeeleza kazi ya kiungamwana wakati wa mimba. Sasa na tutazame saa ya kuzaliwa, kwa maana njia ile ile iliyokuwa ya uhai yaweza kugeuka mlango wa mauti.

Mtoto anapotoka, kiungamwana bado hupiga kama mshipa wa mkono, na damu bado inatoka katika kondo kuingia kwa mtoto. Zamani ilikuwa desturi ya hospitali nyingi kukikata papo hapo. Utafiti umeonyesha kuwa subira kidogo ina faida, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2014 limeshauri kisikatwe kabla ya dakika moja kupita, ila mtoto akiwa anahitaji kusaidiwa kupumua mara moja. Katika dakika moja hadi tatu hizo mtoto hupata damu yake iliyobaki, na madini ya chuma yaliyomo humsaidia kwa miezi kadhaa asipungukiwe damu. Wala kukata hakumuumizi mama wala mtoto, kwani kiungamwana hakina mishipa ya fahamu.

Kinachodhuru ni uchafu. Katika udongo na katika mavi ya wanyama mna vijidudu vya pepopunda. Vikiingia katika kitovu kibichi, kwa wembe uliotumika, au kwa uzi uliookotwa, au kwa kitu kilichopakwa, huzaa sumu inayokaza mishipa yote ya mwili. Mtoto hunyonya vizuri siku mbili za mwanzo. Kisha, tangu siku ya tatu na kuendelea, taya hukaza, hushindwa kunyonya, mwili hukakamaa, na akiguswa au akisikia kelele hushikwa na mtukutiko. Wazee wetu waliuona ugonjwa huu wakauita dege, wakadhani ni ndege wa usiku au jini aliyepita juu ya paa. Walifunga hirizi, na mtoto akafa. Hatuwalaumu, kwa kuwa hawakuwa na elimu hiyo. Lakini sisi imetufikia.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 1988 pekee watoto wachanga 787,000 walikufa kwa pepopunda ulimwenguni. Mwaka 1989 mataifa yaliazimia kuutokomeza, na kwa chanjo ya mama na usafi wa kuzalisha, makadirio ya mwaka 2018 yalishuka hadi watoto 25,000. Uganda ilithibitishwa kuwa imeushinda mwaka 2011, Tanzania mwaka 2012, na Kenya mwaka 2018. Hata hivyo, kuushinda si kuuondoa udongoni. Vijidudu vingalipo katika kila zizi na kila shamba, na siku tutakapoacha chanjo na usafi vitarudi.

Na hapa tunarejea kwenye kiungamwana chenyewe. Mama anapochanjwa, mwili wake hutengeneza kinga, na kinga hiyo huvuka kondo, ikapita katika kiungamwana, ikamwingia mtoto kabla hajazaliwa. Mama ambaye hajapata kuchanjwa apate dozi mbili wakati wa mimba, baina yao majuma manne, na ya pili iwe majuma mawili au zaidi kabla ya kuzaa. Na kliniki itampangia zilizobaki. Wako wanaoeneza uvumi kwamba sindano hiyo hufunga kizazi. Tuwaangalie mama zetu na dada zetu waliochanjwa na wakazaa tena na tena, tujue kuwa uvumi huo hauna ukweli. Na kueneza habari bila ya kuihakiki ni jambo tulilokatazwa.

Basi shikeni haya. Mahali pa kuzalia pawe safi. Anayezalisha anawe mikono kwa sabuni. Wembe uwe mpya, uzi au kibanio kiwe safi. Na baada ya kukatwa, kitovu kiachwe kikavu, kisipakwe kitu: jivu, mavi ya ng'ombe, chumvi, mafuta, mate, wala udongo wa kaburini. Ikiwa mhudumu wa afya ametoa dawa maalumu ya kupaka, ifuatwe kama alivyoeleza. Kitovu hukauka na kuanguka chenyewe, aghalabu baina ya siku ya tano na ya kumi na tano, kisivutwe. Kikitoa usaha, kikinuka, ngozi ya pembeni ikiwa nyekundu, au mtoto akipata homa au akiacha kunyonya, apelekwe hospitali mara moja.

Nyanya zetu na wakunga wetu wa jadi, tunakuheshimuni. Mikono yenu ndiyo iliyotupokea wengi wetu. Hatukutakini muache huruma yenu wala dua zenu. Tunakuombeni muache jivu na wembe wa zamani, na mumsindikize mzazi hospitali, mkae naye, mumtie moyo. Furaha ya siku ya saba, aqiqa yake na jina lake, ni tamu zaidi mtoto akiwa hai mikononi mwa mama yake.

Ndugu Waislamu, watu wetu mtu akitaja kwao husema: Hapo ndipo kilipozikwa kitovu changu. Ni maneno mazuri, kwani yanatukumbusha nchi. Lakini upande wa pili wa kamba ile hakukuwa na nchi. Alikuwako mama, aliyetupa hewa yake, damu yake ikatulisha dirishani, na figo zake zikatuchukulia taka zetu. Kamba ilikatwa kwa wembe, na haki yake haikukatwa. Aliye na mama hai amwendee leo baada ya sala, amtazame hali yake, amtimizie haja yake. Aliyefiwa na mama yake amwombee dua na awaunge jamaa zake. Na aliye na mke mjamzito nyumbani aanze leo kumpunguzia mzigo, na siku ya kliniki ikifika amtolee nauli, amwongoze mwenyewe.

Ewe Mola wetu, wahifadhi mama zetu wenye mimba, uwafanyie wepesi katika uzazi wao. Wape watoto walio matumboni riziki njema na maumbile yaliyotimia. Warehemu mama waliokufa kwa uzazi na watoto waliotutangulia, uwape subira wazazi wao. Tupe elimu yenye manufaa na utuepushe na dhana mbaya. Wasamehe wazazi wetu, walio hai na waliokufa, na uwarehemu kama walivyotulea tukiwa wadogo.

Na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Inukeni kwa sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.